Vile nilifunika mbuzi za mahari na neti ya mbu nikizipeleka Kianjokoma

Wakuu, habari za mvua huko mliko.

Najua nikimaliza hii story mtaniita mjinga, na siwezi bisha. Lakini yote ni ukweli. Hata mwenye pickup ako kwa hili jukwaa, nikidanganya atanikosoa.

Mimi ni mtu wa Mbeere, ile Embu ya chini yenye jua. Shule niliachia class eight, so kwa comments punguzeni Kiingereza.

Nilikuwa nataka kuoa Wanja, msichana wa Kianjokoma, huko juu kwa majani chai. Siku hizi wazee wengi wanakubali mahari itumwe kwa simu. Baba yake alikataa. Alisema mbuzi za kuposa lazima zifike kwake zikiwa na miguu na sauti.

Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa huko alikuwa anapitia hiyo boma kila Jumapili "kusalimia." Mnaelewa pressure.

Sasa mvua ikanyesha ile mbaya. Maji ikasimama kila mahali, mbu zikajaa. Mbuzi za majirani zikaanza kutupa mimba.

Chifu akaita baraza, akakuja na daktari wa mifugo. Daktari akasema ni Homa ya Bonde la Ufa, virusi inabebwa na mbu.

Hapo kwa mbu ndio niliacha kusikiza. Nikatoka nikienda nyumbani, solution nimepata.

(Baadaye niliambiwa vile niliondoka ndio alisema karantini: hakuna kusafirisha mnyama, hakuna kuchinja. Mimi nilikuwa nimefika kwa geti.)

Nikatoa neti kwa kitanda changu, ile ya bure ya kliniki, nikaifunga juu ya kibanda cha mbuzi. Mami akanitazama.

"Njeru, na wewe utalala na nini?"

"Mami, mimi sipelekwi kwa wakwe."

"Hiyo nayo ni kweli," akasema, akaenda kukama.

Kitu hamjui, mbuzi inakula neti. Kila asubuhi nilikuwa nashona.

Siku ya posa ikafika. Nikaita boy wangu Kariuki na pickup yake, tukapakia mbuzi, neti juu, nyeupe, inapepea. Mjomba wangu akakaa mbele na suti.

Tukashikwa kwa roadblock kabla ya Embu town. Polisi akazunguka gari polepole.

"Kijana, hapa bibi harusi ni yupi?"

Kariuki akacheka. Huyo si rafiki.

Daktari wa mifugo alikuwa hapo, yule yule wa baraza. Akaniuliza kama mbuzi zimepimwa. Nikamwambia hazihitaji, zimekuwa zikilala kwa neti.

Akainua kona ya neti. Wakuu, mbu zilikuwa ndani. Zimenona, zimetulia kwa kitambaa, hata kuruka zinaona uvivu.

"Wewe umezifungia na chakula yao," akasema. "Huko unaenda kuna ng'ombe?"

"Za maziwa. Za baba mkwe."

"Mbuzi moja ikiwa na virusi, mbu ya huko inaiuma, inaenda kwa ng'ombe. Halafu kwa mwenye ng'ombe."

Nikaanza kufungua neti mwenyewe.

Mbuzi zikatolewa damu ya kupimwa, Kariuki akazirudisha nyumbani. Mimi na mjomba tukafika Kianjokoma mkono mtupu.

Nikaeleza kila kitu mbele ya wazee. Baba Wanja akasimama. Akageuka akaangalia ng'ombe zake kwa dirisha, akaangalia mimi.

"Na kwa nini unatetemeka? Mimi sijakugusa."

Nilikuwa nafikiria ni woga. Kumbe ni homa. Mtu ametoka Mbeere, ametoka kwa mbuzi, ana homa! Mzee mwenyewe akanikimbiza hospitali, na huko hakuna nesi alitaka kunikaribia bila gloves. Wakapima, ikawa malaria. Majuma yote hayo bila neti, mlitarajia nini.

Majibu ya mbuzi yakakuja: zote safi. Mgonjwa alikuwa bwana harusi peke yake.

Mzee alisema karantini ikiisha nipeleke mbuzi, zikiwa na barua ya daktari, na mwalimu aambiwe Jumapili kuna kazi shambani. Hiyo nilichukua kama ndio.

Lesson: baraza sikiza mpaka watu wasimame. Na neti ni ya mtu. Mnyama anataka chanjo mapema, kabla mvua ianze, si wakati mbu zimeshashiba. Kama kuna mwenye ameficha kitu mbaya kuliko mbuzi kwa neti, aweke hapo chini nisiwe mimi pekee.

Wanja alikuja kuniona wodini. Akavuta kiti, akaangalia drip, akaniangalia.

"Kwa hivyo mbuzi zililala kwa neti, wewe ukalala nje ya neti. Sasa mimi nikikuja huko kwenu, naulizia tu mapema, nimepangiwa upande gani?"