Tope Alilolichota Njiani

Luseno alimdanganya Wayua. Alimwambia amefika chini kabisa ya maji ya kwari na dada yake hayuko huko, na hakuwa amefika. Hilo ndilo kosa, na ni vizuri lijulikane mapema, kwa sababu wako watu mpaka leo wanaomsifu.

Luseno ni mkazi wa Huruma. Kazi yake iko Kiamaiko, kubeba mbuzi waliochinjwa kuwapeleka kwenye buchari. Alizaliwa karibu na mto Nzoia, sehemu za mafuriko, akajua kupiga mbizi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana mtu akizama katika ile kwari iliyoachwa nyuma ya Njiru, ambako watu walichimba mawe ya kujengea mpaka maji yakatokea, anaitwa yeye. Hana mtungi wa hewa wala miwani. Hukumbatia jiwe lililofungwa kamba, huvuta pumzi moja, na jiwe humshusha. Rafiki yake Okumu hushika kamba huku juu. Kamba ina fundo kila baada ya pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na chini ni fundo la saba.

Hachukui hata shilingi ya mtu. Ila ana desturi yake. Akifika chini, baada ya kupapasa kila pembe, huchota tope na kupanda nalo kiganjani, awaonyeshe wenye mtu wao kwamba mkono wake umegusa sakafu. Akitoka na tope bila mtu, basi mtu hayumo. Watu huliamini tope hilo kuliko karatasi ya serikali.

Mwezi wa Julai mifereji ilikauka wiki nzima, wanawake wakaenda kufua kwari. Mumbua, mdogo wake Wayua, alibeba blanketi lake zito. Wayua alimwacha ukingoni akaenda kununua sabuni. Aliporudi alikuta beseni peke yake. Mumbua, blanketi na patipati za miguuni mwake, hakuna. Alipiga nduru mpaka sauti ikakauka, na mtu wa pikipiki akatumwa Kiamaiko kumleta Luseno.

Luseno alikuja na mafua. Ilikuwa siku ya nne pua imeziba, na paji la uso lilikuwa zito kama limetiwa mchanga.

"Buda, hiyo pua imefungwa kuliko duka la mtu aliyehama," Okumu alimwambia. "Ukipiga chafya huko chini utatoa vyura wote."

"Shika kamba wewe."

Fundo la kwanza lilipita salama, na la pili. Kwenye fundo la tatu aliona kama mtu amempigilia msumari juu ya jicho. Alibana pua akapuliza, kama alivyozoea tangu utoto. Masikio yalifunguka, lakini paji la uso halikufunguka. Alipanda kidogo, akapuliza tena, akashuka tena. Ule msumari ukageuka kisu, na kisu kikawa kinakoroga nyuma ya nyusi. Pale kwenye fundo la tatu wachimbaji waliacha ngazi ya mwamba, pana kama kitanda. Luseno aliikamata. Chini yake palikuwa peusi. Akajaribu kushuka mkono mmoja zaidi, akaona nyota mbele ya macho.

Basi akachota tope jepesi lililotuama juu ya ile ngazi, akapanda nalo.

Juu walikuwa wamesimama watu kama hamsini, simu zao zimeinuliwa. Wayua alikuwa amepiga magoti ukingoni, kipande cha sabuni bado kiko mkononi. Damu ilikuwa inatoka puani mwa Luseno, na watu wakasema, ona mtu alivyojitoa. Alitaka kusema, "Mama, pua imenikataa, tafuteni mtu mwingine." Hajawahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Akafungua kiganja.

"Nimefika," akasema. "Hayuko."

Alishuka mara mbili tena, kila mara mpaka kwenye ngazi ile, kila mara akapanda na tope. Watu walipoanza kutawanyika, Okumu alikuwa anakunja kamba polepole.

"Mafundo manne yalibaki mkononi mwangu," akasema bila kumtazama.

"Najua."

"Na kule chini kuna zile nyaya za mashine walizoacha wachimbaji. Mtu akinaswa huko haelei."

"Najua, Okumu. Nikipona kesho nitarudi."

"Na yule mama?"

"Kesho, nimekwambia."

Kesho hakupona. Siku ya tatu watu walikwenda kutazama kama kitu kimeelea, hakikuelea, na hapo maneno yakaanza. Wakasema kama Mumbua angekuwa majini angekuwa ameibuka, na mpiga mbizi mwenyewe si alisema hayuko? Mume wake, Mbugua, ambaye waligombana wiki hiyo hiyo, alitangaza barabarani kwamba mke wake ametoroka na mwanaume. Alitia nguo za mkewe kwenye gunia akalitupa mlangoni kwa Wayua. Kanisani akina mama wakaacha kumtaja Mumbua katika maombi, maana hawawezi kumwombea mtu aliyekimbia ndoa.

Siku ya kumi na moja Wayua alikwenda Kiamaiko. Luseno alikuwa na mbuzi mzima begani, akamwona anapenya katikati ya watu, amevaa viatu visivyolingana.

"Baba Tiffany," Wayua alimwita, maana binti wa Luseno anaitwa Tiffany. "Nimekuja kukushukuru. Siku ile sikukushukuru."

"Hakuna cha kushukuru, mama."

"Kipo. Nisingekuwa na tope lako ningekuwa nimeshamlilia na kunyamaza. Sasa najua yuko hai mahali. Kuna mtu amemwona Mlolongo, anauza chai. Nimeacha kibarua changu cha kufua, naenda kumtafuta." Akacheka kidogo. "Nikimpata, Baba Tiffany, namchapa kwanza! Namchapa hapo hapo barabarani, halafu ndiyo namkumbatia."

Hapo ingetosha Luseno kumweka mbuzi chini, kumshika yule mama mkono na kumwambia ukweli. Badala yake akamhamisha mbuzi kutoka bega moja kwenda jingine.

"Safari njema, mama," akasema.

Jioni ile alikwenda kwa Abdiqadir, mwenye duka la dawa kando ya soko, ambaye watu humwita daktari. Abdiqadir alimbonyeza juu ya nyusi, Luseno akaruka.

"Walahi, na wewe unaingia majini na hii?" Abdiqadir alimuuliza. "Sikiliza. Mifupa ya uso ina vyumba vidogo, na kila chumba kina mlango unaofungukia puani. Mafua yakivimbisha mlango, hewa ya nje haiingii. Maji yanakukaba, hewa ya ndani inanywea, chumba kinabaki kinavuta nyama na damu yako. Hutashinda hapo kwa kuvumilia."

"Nipe dawa ya kupuliza, nishuke kesho."

"Sikupi. Itafungua mlango ukishuka, halafu iishe nguvu ukiwa chini, ufungiwe wakati wa kupanda. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe, uoshe pua asubuhi na jioni. Jifukize. Siku kamasi likiisha, hesabu siku saba, ndipo uende. Kuna nini huko chini kinachokukimbiza?"

Luseno aliinuka, akaaga, akatoka.

Alifanya yote aliyoambiwa. Alijifukiza chini ya shuka mpaka Tiffany akamcheka. Alihesabu siku. Na katika siku hizo alikuwa na mdomo mzima usio na mafua, na Wayua alikuwa Mlolongo, anaingia hoteli moja hadi nyingine na picha ya dada yake. Luseno alikuwa anajiambia kwamba ni afadhali ampelekee mtu kuliko kumpelekea maneno. Alijua pia kwamba si kweli. Mtu akipatikana, hakuna atakayeuliza habari za siku ya kwanza. Alilijua hilo kila alipoinamia maji ya moto, na aliendelea kuinama.

Siku ya ishirini na mbili walirudi kwari, yeye na Okumu. Paji la uso lilikuwa jepesi. Kwenye fundo la tatu alipuliza, kila kitu kikafunguka, ile ngazi ya mwamba ikapita kandoni mwake. Kwenye fundo la saba mkono wake uligusa nyaya, halafu blanketi, halafu vidole.

Wayua aliitwa kutoka Mlolongo. Hakupiga nduru safari hii. Alimfunika dada yake kwa leso yake moja, na kwa leso ya pili akampangusa Luseno maji usoni.

"Mungu akubariki," akamwambia. "Uliona haikutosha, ukarudi."

"Maji yalimficha, sasa yamemwachilia," mzee mmoja alisema. "Si ndiyo, Luseno?"

Okumu alikuwa amesimama na kamba. Alimtazama Luseno, akangoja.

"Ndiyo," Luseno akasema.

Mumbua alizikwa kwao Masii. Mbugua alihudhuria, akaketi mbele kama mfiwa. Okumu alivumilia mwezi mmoja, kisha akaenda kwa Wayua akamweleza habari ya yale mafundo manne. Wayua hakumfuata Luseno kumuuliza. Hununua matumbo Kiamaiko kila Ijumaa, humsalimia Luseno, "Habari ya nyumbani, Baba Tiffany?", halafu husimama pale kidogo zaidi ya salamu inavyohitaji. Luseno amefahamu kwamba anajua. Husema, "Nzuri, mama," akajitwisha mbuzi.

Mbugua anadaiwa jina la Mumbua, alirudishe barabarani na kanisani alikolichafulia. Luseno anadaiwa ukweli, mbele ya watu wale wale hamsini, kwa nini Wayua alizunguka siku zile zote akimtafuta maiti kati ya walio hai. Na mdaiwa ni Luseno mwenyewe, si mafua yake.