Nyuki Aliyeinamia Ua la Boga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa uzi. Nilifika katika kituo cha kazi za mikono pale Tibirinzi nimevaa baibui jipya, na mkobani nina sindano ya kroshia niliyonunuliwa na mama, kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda kama ndoana. Mkuu wa Kituo, ambaye sote tulimwita Bi Mkuu, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama vidole, kisha akaniwekea mapajani kitambaa cha meza kilichokwisha kufumwa. Kilikuwa cheupe, kina maua pembe zote nne.

"Kifumue," akasema.

Nilidhani sikusikia vyema. "Chote, Bi Mkuu?"

"Mpaka mwanzo wake. Na uzi uuzungushe donge, usinikatie."

Nilishinda kutwa nafumua kazi ya mtu nisiyemjua. Mwanzoni niliiona ni adhabu. Kufika adhuhuri nikaanza kuona jambo. Kila nilipovuta, kitanzi kimoja kilitoka ndani ya kitanzi kingine, na nilipofika penye ua nikaona mfumaji alipoongeza vitanzi ili kitambaa kitanuke, na alipopunguza ili kijikunje. Wakati wa kufunga Bi Mkuu alilinyanyua donge langu, akalibinya.

"Njia umeijua kwa kurudi nyuma," akasema. "Kesho utaanza kwenda mbele."

Nimewafundisha wanawake wengi tangu siku hiyo, na kila mmoja nimemwanzisha kwa kufumua. Wapo walionuna. Sijapata njia iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu kroshia yote ni uzi mmoja na vitanzi. Ukiruka kitanzi mahali, pale pale pataonekana, hata upige pasi namna gani.

Bi Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikuta kosa katika kazi yako hakulisema. Aliichomoa sindano, akaushika uzi, akauvuta taratibu hadi kosa lenyewe litoke, kisha akakurudishia kazi mkononi na kwenda kwa mwengine. Katika miaka yote niliyokuwa chini yake sikumwona akimvutia mtu uzi mbele ya wageni, wala sikumwona akiliacha kosa kwa sababu mwenye kazi ni ndugu yake.

Vitambaa vya meza na vifuniko vya mito ndivyo vilivyotulisha zamani. Baadaye watu walianza kutaka mapambo ya kusimama, na hapo tukajifunza kufuma ua pamoja na chungu chake. Chungu hufumwa kama kofia iliyopinduliwa. Unaanza na duara dogo la vitanzi, unaongeza kila mzunguko hadi kitako kienee, kisha unaacha kuongeza, na uzi wenyewe unapanda juu ukawa ukuta. Ndani tulijaza sufi, ile pamba nyepesi ya mito. Shina ni waya uliovishwa uzi wa kijani. Majani na petali hufumwa mbali mbali, na kuziunganisha ndiko kunakomjulisha fundi.

Nilipohamishiwa Wawi kuwa mwalimu msaidizi, Msimamizi wa kule alikuwa mama wa Kikristo kutoka bara, aliyekuja kwa kazi ya serikali akakaa. Mwezi wa Ramadhani hakunywa hata maji mbele yetu, na jambo hilo hakulitaja hata siku moja. Yeye alikuwa na desturi ya kulisukuma kila ua kwa kidole. Likianguka, linarudi kwa mwenyewe.

"Bi Zuwena," aliniambia, "ua linaloanguka paka akipita si pambo. Ni ugomvi ndani ya nyumba."

Ni yeye aliyetufundisha kutia vijiwe vilivyooshwa chini ya sufi ili chungu kiwe na uzito. Hadi leo nikiingia nyumba ya watu nikaona ua la uzi, kidole kinaniwasha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Pujini. Nilipelekwa kuanzisha darasa la wanawake wakulima, na jengo hatukuwa nalo. Maalim wa chuo cha Kurani cha pale alitupa chumba chake cha kusomeshea, tukitumie alasiri watoto wakishatoka. Chumba kile ndicho kilichokuwa darasa lenyewe. Waume walikubali wake zao waje kwa sababu ni chuoni, kwa Maalim, wala si kwengineko. Tungekikosa, kila mmoja angerudi kondeni kwake, na darasa lingekuwa limekwisha kabla halijazaliwa vyema.

Mwanafunzi wangu bora aliitwa Mgeni, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na humo ndani alituonesha video ya mtu wa nchi za mbali akifuma ua la manjano katika chungu, na juu ya ua ametua nyuki mdogo wa uzi. Ikasadifu kuwa Bi Mize wa Wawi alikuwa anamwoza bintiye na anatafuta mapambo ya chumba cha biharusi. Akaja darasani kwetu, akaiona video ile.

"Nataka hivi hivi," alisema. "Na mdudu wake awepo. Maua matupu ninayo kwangu tele."

Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya darasa letu. Mgeni alimfuma nyuki wa mfano kwa mistari ya manjano na nyeusi, akamtia mbawa nyeupe, akamshonea shanga mbili nyeusi kuwa macho, na kwa uzi mwekundu akampa mdomo unaocheka. Wanawake walisongamana.

"Anakucheka weye," mmoja akamwambia mwenziwe.

"Mie nina nini? Kamkumbuka mumeo."

Walikuwa bado wanacheka Maalim alipopiga hodi, amesahau miwani yake. Aliichukua, akaivaa, na cha kwanza kukiona kilikuwa nyuki tuliyekuwa tumemsimamisha dirishani. Alimshika kwa muda.

"Bi Zuwena, nani huyu?"

"Nyuki, Maalim."

"Nyuki namjua. Huyu ana macho, ana mdomo, na ananicheka."

Maalim alimrudisha pale pale alipomtoa, kwa upole.

"Maua fumeni mpaka mchoke," akasema. "Miti, vyungu, fumeni. Lakini kiumbe mwenye roho kumtilia uso ukamsimamisha dirishani, na asubuhi watoto wanasoma Kurani chumba hiki hiki, mie wazee wao wakija kuniuliza nitawajibu nini? Chumba wamenipa wao."

"Tutoke, Maalim?" Mgeni aliuliza. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Sijasema mtoke. Nasema nipeni la kuwajibu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mwenye hasira hupoa. Maalim alikuwa amesema neno lake kwa haki, na nyumba nyingi za kwetu zingesema lile lile.

Tulijaribu. Mgeni alifumua macho na mdomo, na nyuki akabaki kama soksi ya mtoto mchanga. Alipomwondoa kichwa kabisa, wanawake wakageuza nyuso, maana alionekana kama kitu kilichochinjwa. Nikampelekea ujumbe Bi Mize kumwomba akubali ua bila ya mdudu. Jibu lilirudi siku ile ile: mdudu asipokuwepo, atatafuta mafundi wengine.

Sikuwa na pa kwenda ila Tibirinzi. Bi Mkuu alinisikiliza hadi mwisho, akasema atakuja.

Alikuja asubuhi. Kwanza alikwenda kumwamkia Maalim, wakaulizana hali za watu wa nyumbani, na habari ya nyuki hakuigusa. Watoto walikuwa bado wanasoma, kwa hiyo sisi tukangoja nje, kando ya ua wa makuti ambapo mke wa Maalim alikuwa amepandisha mboga zake. Mgeni akamkabidhi yule nyuki asiye na kichwa. Bi Mkuu alimgeuza mara moja, akamtia mfukoni, akaanza kutembea polepole kando ya ua ule kama mtu aliyekuja kuchuma mboga. Nilimwona akisimama penye mboga iliyotambaa juu ya makuti. Maua yake yalikuwa wazi, makubwa, ya rangi ya manjano ya kuiva, kama yanavyokuwa asubuhi kabla jua halijayafumba. Alisimama pale hadi tukaanza kutazamana.

"Mgeni," akaita. "Njoo umwone mwenzako."

Tulisogea sote. Ndani ya ua moja la boga palikuwa na nyuki. Alikuwa amejitumbukiza hadi kiunoni, sehemu ya nyuma inatikisika.

"Unaona nini?" Bi Mkuu akauliza.

"Nyuki."

"Umemjuaje?"

"Si huo mgongo wake? Milia ile, na mbawa."

"Na macho yake?"

Mgeni akainama zaidi, upande huu na upande ule. "Siyaoni. Kichwa chote kakitia kazini."

"Basi fuma unachokiona," Bi Mkuu akasema, akatafuta kivuli akakaa.

Nitaeleza ilivyofanywa, maana wapo watakaotaka kujaribu. Ua la bapa la kwenye video tuliliacha. Badala yake tulifuma ua lenye kina, kama kikombe, kwa kuanzia na duara dogo na kuongeza kidogo kidogo hadi mdomoni, kisha pale mdomoni tukaongeza kwa wingi ili petali zipinduke nje. Nyuki tulimwanzia mkiani. Tuliongeza hadi tumboni, tukajaza sufi, na badala ya kupunguza ili tufunge kichwa, mzunguko wa mwisho tuliuunganisha na koo la ua, kitanzi kwa kitanzi. Kichwa hakikukatwa, na hakikufichwa ndani. Hakikufumwa kabisa. Na kwa kuwa kiuno kimeshikana na ua, jicho la mtazamaji humalizia lenyewe kilichobaki.

Alasiri ile Bi Mkuu alimpelekea Maalim ua hilo barazani, nami nikiwa nyuma yake nimebeba mkoba. Maalim alilizungusha ua lile pande zote.

"Uso wake uko wapi?"

"Hana, Maalim," Bi Mkuu akajibu. "Yuko kazini."

"Na huku ndani?"

"Tia kidole."

Maalim alitia kidole katika koo la ua, akapapasa, akakitoa. Kisha akacheka, si kwa sauti, ila mabega yake yalitikisika.

"Hili ni ua," akasema. "Ua limeota mkia. Wazee wakija kuniuliza, ntawaambia nimelipapasa mwenyewe." Akaniangalia mimi. "Watoto wametoka zamani, Bi Zuwena. Mbona chumba kitupu?"

Nilirudi darasani nikitembea kama mtu mzima, lakini miguu ilitaka kukimbia.

Bi Mize alipokuja kuchukua mapambo yake alilitazama ua kwa mashaka.

"Hili si ua la boga hili? Mtu ataingia chumbani kwa biharusi aseme mwanangu kaolewa na mkulima."

"Kwani kaolewa na nani?" Mgeni akauliza.

Bi Mize alifikiri. "Mkulima," akasema, na hapo hata yeye akacheka. Alimgusa nyuki mgongoni. "Huyu ana bidii. Yule wa kwenye simu alikaa tu anacheka." Akayachukua yote. Baada ya harusi ile wanawake wengine walikuja kutaka ua la Pujini, na darasa likakaa.

Sasa nimestaafu. Madukani naona maua ya uzi yenye nyuki na vipepeo wa macho makubwa, na sina ugomvi na wanaoyafuma. Kila mtu na nyumba yake. Ninachowaambia vijana ni kimoja: msidhani ufundi wa siku ile ulikuwa katika sindano. Sote tulikuwa na sindano. Ua lile la boga lilichanua kila asubuhi tulipokuwa tukipita, na tulikuwa tukilipita tu. Bi Mkuu ndiye aliyesimama kulitazama, na alisimama kwa sababu alimheshimu Maalim na alimheshimu Bi Mize kwa kiasi kimoja, hakutaka kumdanganya yeyote kati yao.

Karibuni nilikwenda kumtembelea Tibirinzi pamoja na Mgeni, ambaye sasa ndiye mwalimu wa darasa la Pujini. Bi Mkuu macho yamemtupa mkono, anatuona kama vivuli. Mgeni alimpelekea ua jipya, la mkono wake mwenyewe. Bi Mkuu alikiweka chungu juu ya meza ndogo, akakisukuma kwa kidole kama yule Msimamizi wa Wawi. Hakikuanguka. Akazipapasa petali, akampapasa nyuki, akamshika kiunoni na kumtikisa. Nyuki akacheza kidogo.

"Huyu kaja kutembea," Bi Mkuu akasema. "Hajakaa kazini."

Alitafuta ncha ya uzi kwa ukucha, akaipata haraka kuliko mimi mwenye macho, akavuta. Nyuki akaanza kuachana na ua, kitanzi baada ya kitanzi, hadi pale vidole vyake vilipokutana na kitanzi kilichorukwa. Hapo akasimama, akamrudishia Mgeni kazi yake mkononi.

Mgeni alitoa sindano mkobani, akasogea mlangoni penye mwanga, akaketi chini na kuinama. Kutoka nilipokaa nilimwona mgongo tu.