Kura Moja ya Nyumba Yetu

Nilimwambia mama amfungulie mheshimiwa mbwa, simu ikiwa kwenye spika na mheshimiwa mwenyewe ameketi mbele yangu na sahani ya pilau mapajani.

Mbunge wetu alikuwa amefariki, kiti kiko wazi, na huyu mheshimiwa, mgombea wa kiti hicho, akapanda ndege mpaka Dubai kutafuta kura. Kura gani Dubai? Sisi tulio huku tunapigia rais tu, mbunge hatumpigii. Lakini wanasiasa wa kwetu si wajinga. Wanajua ni nani anayetuma hela ya unga, na wanajua mama hapendi kumkatalia anayetuma. Basi mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani akatuita kwenye nyumba moja ya Discovery Gardens, tukabanana juu ya vitanda vya ghorofa, naye akaanza kutuinua mmoja mmoja. Piga nyumbani, weka spika, mwambie mama amchague nani. Mama akikubali, makofi.

Zamu yangu ilipofika nilisema sitaki.

"Sista, usituaibishe mbele ya mgeni," mwenyekiti akasema. "Yalla, piga."

Nikapiga.

"Umekula, mwanangu?" mama akauliza. Watu wakacheka.

Mheshimiwa akainamia simu. "Mama, hujambo? Ni mimi kijana wako. Nimekuja kumwangalia binti yetu huku Uarabuni."

"Kijana wangu yupi? Wewe si yule wa zahanati?"

"Ndiye mimi, mama!"

"Eh. Na paa iko wapi?"

Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa ile zahanati. Kuta zipo, bango lenye picha yake lipo. Paa hakuna, muuguzi hakuna. Mwanangu aliposhikwa na degedege mimi nilikuwa huku, napiga deki kliniki ya watu Oud Metha. Mama alimbeba mgongoni mpaka pale, akakuta mbuzi wamelala ndani. Mpaka pikipiki ipatikane, mpaka hospitali ya mjini, jua lilikuwa linazama. Mtoto alipona, ila sikio la kushoto lilikufa. Ukimwita upande huo hageuki.

"Paa inakuja, mama," mheshimiwa akasema, anachokoa meno. "Nipe kura kwanza."

Anachokoa meno! Hapo ndipo nikasema, "Mama, kura ni yako, mpe unayemtaka. Na huyu akifika hapo kwetu, mfungulie mbwa."

Kabla sijafika kituo cha metro mwenyekiti alikuwa amenitoa kwenye kundi la simu. Nikadhani yameishia hapo.

Siku ya kura nilimpigia mama wakati wa mapumziko, nimesimama kando ya mapipa ya taka nyuma ya kliniki, maana madam hataki kutuona na simu ndani. Nilitaka kusikia amepiga.

"Nimerudishwa," akasema.

"Umerudishwa na nani?"

"Na karani. Sina kitambulisho."

"Kitambulisho kiko wapi, mama?"

"Si wewe uliwatuma wale vijana?"

Vijana wawili waliovaa fulana zenye sura ya mheshimiwa walifika nyumbani, wakamwambia binti yake wa Dubai amewatuma wachukue kitambulisho, kina mama wenye watoto ng'ambo wanaandikishwa msaada. Walitaja jina langu na kazi yangu. Mama akawapa, na chai akawapikia. Mbwa alikuwa amefungwa.

Nikampigia mwenyekiti. Ni nani mwingine aliyejua hayo yote?

"Sista, hiyo ni siasa," akasema. "Kitambulisho kitarudi. Khalas, tusonge mbele."

Kweli kilirudi, mheshimiwa akiwa ameshatangazwa mshindi. Kilirudi na pakiti ya sukari. Mama aliitumia ile sukari na simlaumu, nyumba ina mtoto.

Wenzangu chumbani waliniambia ninajisumbua. Ameshinda kwa mbali, wakasema, kura moja ingefanya nini? Mama naye akasema, "Acha, mwanangu, hawa watu tunaishi nao." Najua. Mimi siishi nao, ndiyo maana niliandika mimi, naye akakubali kuapa tu akiitwa. Nilikaa kitandani na simu, nikamwandikia msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge letu, nikatuma na nakala kituo cha polisi cha kwetu. Niliandika hivi:

Yah: Malalamiko kuhusu kunyang'anywa kitambulisho ili mpiga kura asipige kura.

Mimi ni mfanyakazi wa usafi Dubai. Mama yangu ni mpiga kura halali wa kituo cha shule ya msingi ya kijiji chetu. Kabla ya uchaguzi huu mdogo wa ubunge, vijana wawili wa kampeni ya mgombea aliyetangazwa mshindi walichukua kitambulisho chake kwa uongo, wakitumia jina langu. Sikuwatuma. Siku ya kura mama yangu alipanga foleni akarudishwa. Kitambulisho kilirejeshwa baada ya matokeo.

Siombi matokeo yabadilishwe. Naomba vijana hao na aliyewatuma waitwe, waulizwe, na washtakiwe. Naomba pia iandikwe katika kumbukumbu zenu kwamba mama yangu hakukosa kufika. Alifika, akazuiwa. Mlalamikaji ni mimi. Shahidi ni yeye, na amekubali kuapa.