Beki wa Simbo Hangoji

Kukaa mimi sijui. Hata haya ninayoandika nimeshayakatiza mara tatu, nakwenda mlangoni, narudi, natafuta kalamu kumbe ninayo mkononi. Ndiyo maana timu ya mtaa wetu pale Buzebazeba ilinipa winga ya kushoto, namba kumi na moja. Akili ya mpira sikuwa nayo. Miguu ndiyo nilikuwa nayo.

Timu yetu nzima ilikuwa ya mbio. Ukipata mpira unakimbia nao, na mimi nikiupata watu pembeni walikuwa wakipiga kelele, "Washa mashine!" kama naendesha boti. Kelele ile niliipenda kuliko chakula.

Wakimbizi walipofurika, uwanja wetu ukajaa mahema, tukahamia kufanya mazoezi ufukweni mwa ziwa. Hapo ndipo tulipojiharibu bila kujua. Mchangani mpira usipousukuma kwa nguvu unakwama, basi tukazoea kuupiga hatua tatu nne mbele, halafu kuufukuza. Sisi tunafukuza mpira, akina mama wa dagaa wanatufukuza sisi: "Nyie! Mnatutilia mchanga kwenye dagaa, nani atatafuna mawe?" Na dagaa wa siku zile walikuwa dagaa, si hawa wa sasa. Tuyaache.

Tukaenda Simbo kucheza mechi. Uwanja mgumu kama sakafu. Nimezoea beki anayerudi nyuma kwa woga, lakini wale wa Simbo hawakungoja, walitujia. Nasukuma mpira kama wa mchangani, unateleza, unafika kwa beki kabla yangu. Anaupiga yeye, na mimi ananipitia. Tukafungwa matatu, na bukta ikachanika.

Mwalimu wetu, fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Marudiano ukinipotezea mipira vile, namba kumi na moja anavaa mwingine."



Bukta nikaipeleka kwa fundi cherehani, Mkongo mmoja aliyevuka ziwa na mkewe na cherehani, akapata baraza jirani na kwetu. Mazoezi yetu alikuwa akiyatazama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mimi kule kwetu nilikuwa beki, unajua? Beki mukali anapenda mutu wa mbio, mudogo wangu. Unamuletea mpira mpaka mulangoni."

"Sasa nifanyeje?"

"Umungoje. Akikujia, nyuma yake kunabaki wazi. Toa pasi, yeye apite na hasira yake."

"Yaani nisimame?"

"Usimame."

"Fundi, mimi kusimama siwezi."

"Naona. Hata sasa unanitikisia cherehani na huo muguu."

Marudiano tulichezea uwanja wa Rusimbi, kwa kuwa kwetu mahema yalikuwa bado. Mpira wa kwanza kunifikia, beki akanijia kama ng'ombe aliyekata kamba. Nikasimama. Miguu iliniwasha kama nimekanyaga siafu. Alipokaribia nikautoa pembeni, ukapita nyuma yake, mshambuliaji wetu akafunga. Wote wakamkimbilia yeye. Nilifurahi? Sikufurahi, nisiwadanganye. Hakuna aliyesema washa mashine.

Tukacheza hivyo muda mrefu, nangoja, natoa, nangoja, natoa, kifuani natokota. Dakika za mwisho nikapata mpira tena, na mtu mmoja pembeni, sijui alitumwa na nani, akapaza sauti: "Washa mashine, bwana!"

Nikawasha. Nikausukuma ule msukumo wa mchangani. Beki akauchukua, akaupeleka mbele mrefu, wakafunga. Ikawa sare, moja kwa moja. Mpira haujarudi katikati, mwalimu ameshaniita nje. Jezi nikaivua nikampa mwenzangu, na bukta imepasuka tena palepale ilipochanika Simbo.

Kesho yake asubuhi nikarudi kwa fundi.

"Nilikuwako," akasema. "Zile pasi ulitoa vizuri."

"Na namba nimenyang'anywa."

"Kwa ule mpira mumoja. Vua bukta."

Mkewe akanipa kitenge chake nijifunge. Mara ikanijia nikamwone mwalimu, nimwombe, nimwapie, nikainuka.

"Unaenda wapi na kitenge cha bibi yangu?" fundi akauliza.

Wapita njia wakaangua kicheko. "Winga, leo umeolewa?"

Nikakaa. Na fundi yule, Mungu amweke vyema popote alipo, bukta ya mshono mmoja tu aliishona makusudi mpaka adhuhuri.