Meza ya Shangazi

Ungetaka kujua shangazi yangu alivyokuwa anachapa kazi, ungekiuliza kikombe chake. Chai inamiminwa asubuhi, inamwagwa jioni haijaguswa. Yeye ni fundi cherehani, mimi natengeneza simu hapo hapo kibarazani kwake, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe. Mgongo unamuuma, macho mekundu, ukimwambia apumzike anakujibu, "Nikipumzika mimi, nyie mtavaa majani?"

Kilichomzindua ni blauzi ya Mama Mapacha. Aliishona akiwa hoi, akapachika mikono yote miwili ya kushoto. Mama Mapacha kuivaa, mkono mmoja umekaa sawa, mwingine umejikunja kama unataka kurudi nyumbani. Kibaraza kizima tulicheka. Shangazi hakucheka. Tangu ajue kushika sindano hajawahi kukosea mkono.

Kesho yake, baada ya kula mchana, akaifunika cherehani, akapangusa vipande vya nguo kwenye meza ya kukatia, akapanda juu yake akalala chali, jora la kitambaa chini ya kichwa. Nikajua amezimia.

"Shangazi! Uko hai?"

"Niko hai, ndiyo maana nimelala. Hebu niache."

Ikawa ndiyo kawaida yake kila mchana. Hata chai akaanza kuinywa ya moto. Wateja wakanuna, wengine wakahamia kwa fundi wa kona, mimi nikaanza kuogopa. Duka likifa, tunakula nini?

Siku moja akaja Mama Mapacha, mdomo umetangulia miguu. Kesho anamwoza binti yake, na gauni lake mwenyewe la kuvaa harusini lilikuwa bado halijawekwa mikono.

"Fundi, amka hapo! Mimi nina harusi, wewe umejianika kama samaki?"

"Nikiamka nalimaliza, dada yangu. Jua halitazama kabla hujalivaa."

"Basi naondoka na kitambaa changu! Na ndugu zangu wote nawaambia!"

Nikamkonyeza shangazi ashuke. Ndugu za Mama Mapacha wanajaza ukumbi, na nusu ya nguo zilizoning'inia pale ni zao. Shangazi hakushuka. Alifungua jicho moja tu.

"Nitaamka sasa hivi ukitaka. Ila niambie kabisa: mikono yote ya kushoto kama ile ya juzi, au leo yote ya kulia?"

Mama Mapacha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Akajitupa kwenye benchi, akavua viatu.

"Lala, fundi, lala. Hata mimi tangu harusi hii ianze sijakaa chini."

Haikuchukua muda, anakoroma kuliko mwenye meza.

Shangazi akaamka kwa wakati wake, akanywa chai, akafunua cherehani. Siku hiyo mashine iliimba! Jua bado liko juu, akamgusa mteja wake begani.

"Haya, mama wa bibi harusi, jaribu."

Mikono ikakaa kila mmoja upande wake, kama imezaliwa naye. Mama Mapacha akajigeuza mbele ya kioo, akaringa, kisha akaitazama meza.

"Fundi, hiyo inabeba wawili?"

"Haibebi," shangazi akasema. "Katafute ya kwako."