Wavu Nilioufunga Mimi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya Zaïre ambayo naikumbuka kwa sababu ya kelele. Nilikuwa fundi kijana katika kituo cha maji kando ya ziwa, hapa Goma. Tulikuwa na pompi moja tu nzima, na hiyo ndiyo iliyopandisha maji mpaka mitaa ya Murara na Mabanga. Ikisimama, akina mama wangerudi kupanda kutoka ziwani na bidoni za maji mgongoni, juu ya mawe ya volkano.

Asubuhi hiyo pompi ililia kama mtu anayemwaga changarawe ndani ya pipa. Wewe umezaliwa hapa, unajua: mtu wa Goma akisikia changarawe haulizi imetoka wapi. Tunaikanyaga, tunaijengea, tunaikuta hata ndani ya maharagwe. Nikaamua papo hapo kwamba mawe madogo yameingia. Nikakifunga kichujio cha bomba la kunyonya kwa wavu mwingine, wenye matundu madogo zaidi. Nilijivuna, kusema kweli.

Kelele ikazidi. Nikaongeza wavu wa pili. Siku chache baadaye maji ya Mabanga yakawa membamba kama uzi. Mama Furaha, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akanisimamisha barabarani.

"Papa injenieri, ziwa imekauka? Ao unakunywa maji yote peke yako?"

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka.

Ndipo mkubwa wangu wa kazi, muzee Paluku, akarudi kutoka msibani Butembo. Hakusalimia mtu. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya chuma cha pompi, mpini sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Weye unasikia nini?"

"Mawe, papa."

"Umeyaona?"

"Bado."

"Basi tufungue."

Tulifungua. Hapakuwa na jiwe hata moja. Lakini gurudumu la ndani, lile linalosukuma maji, lilikuwa limetobokatoboka, linakwaruza vidole. Hatukuwa na lingine, na jipya lingetoka mbali. Tulipotoa kichujio, chini ya nyavu zangu tulikuta majani ya ziwa yamegandamana. Hayo ndiyo yaliyokuwa yameziba njia tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeyafunga humo kwa mikono yangu.

Muzee akanieleza polepole. Pompi inayonyimwa maji huvuta kwa nguvu mpaka maji yenyewe yanachemka kuwa mapovu, hata yakiwa baridi. Mapovu hayo yakifika penye msukumo mkubwa, hupasuka juu ya chuma na kukimega kidogo kidogo. Ile kelele ya changarawe ni hiyo.

Nikamwomba tuseme kwamba gurudumu lilikuwa bovu tangu zamani. Akanitazama.

"Mutoto, ni weye utaambia bamama. Leo."

Nikaenda kwenye robine, bomba la kuchotea maji la Mabanga, nikasema mbele ya foleni kwamba kosa ni langu. Hakuna aliyenitukana. Mama Furaha aliuliza jambo moja tu: "Sasa maji itakuja ao haitakuja?"

"Itakuja kidogo, mama. Lakini itakuja."

Neno hilo nililishikilia. Tuliondoa nyavu, tukasafisha kichujio, tukafungua kabisa vali ya upande wa kunyonya na kubana kidogo ile ya upande wa kusukuma, ili pompi isivute kuliko inavyopata, mpaka kelele ikanyamaza. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, niliondoa majani kwenye kichujio, nikasoma kipimo cha msukumo wa maji upande wa kunyonya na kukiandika kwenye daftari. Gurudumu lile lililoliwa lilifanya kazi mpaka jipya lilipofika. Mabanga haikukosa maji hata siku moja.

Mwanangu, wewe unayeishika sasa kazi hii, nakuachia haya. Pompi ikilalamika, anza pale inapokunywa. Usibane kamwe upande wa kunyonya. Kipimo kikishuka, tafuta sababu siku hiyo hiyo, maana chuma kilichomegwa hakirudi. Usitengeneze kitu ambacho hujakiona kwa macho. Na ukikosea, wanaokutegemea wasikie kutoka kinywani mwako, kisha rudi kazini.

Mungu akupe masikio mazuri na mgongo usiochoka, na kila nyumba unayoipelekea maji ikutaje kwa wema.