Mama anataka jina la mtu aliyeondoa ile ndege kubwa

Admin, nifiche kabisa tafadhali. Mama yangu hana simu ya kuingia mtandaoni lakini wamama wa kanisa lake wanazo, na hii page wanaisoma kuliko Biblia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina mimba ya miezi saba. Nimezaliwa karibu na Sosiot, na mama alinisomesha kwa kuchuma majani chai mpaka vidole vikabaki vyeusi. Sasa nafanya kazi Nairobi kwa shirika moja la ndege. Mimi si rubani, wala si wale wa kugawa soda huko juu. Nakaa na kompyuta naamua ndege gani iende wapi: huku peleka kubwa, kule ndogo inatosha. Nyumbani wanaona ni kama mimi ndiye ninaziendesha.

Mwaka jana bosi alitaka ndege kubwa ya Kisumu, uwanja ulio karibu na kwetu, itolewe, ipelekwe njia yenye abiria wengi. Akaniambia niandike ripoti. Nikaandika kwamba ile ndogo ya mapanga ya kuzunguka inatosha Kisumu, watu wavumilie tu kidogo, kwa sababu ndege mpya zimeagizwa na zikifika hakuna atakayekumbuka. Hizo ndege mpya mpaka leo hatujaziona. Lakini mabango yake tulishabandika kila mahali, yanang'aa, na watu wanacheka kwa picha.

Kwenye ile ripoti kulikuwa na swali: kuna mizigo itakayokosa nafasi? Hapo ndipo dhambi yangu iko. Mlango wa mizigo wa ile ndogo haupitishi jeneza la mtu mzima, na nilijua. Mimi ni mtu wa huko, najua vile watu wetu wakifia mbali lazima warudi nyumbani. Nikaona majeneza yenyewe ni machache, nani atauliza? Nikajaza "hakuna." Bosi akafurahi na mimi nikapandishwa cheo.

Haukuisha mwezi, kaka yangu mkubwa akafa Mombasa, ajali ya kazini. Mama akanipigia simu akilia, "Wewe ndio uko na ndege. Niletee mtoto haraka." Ningesema ukweli hapo, tungemleta na gari mapema na mambo yaishe. Lakini aki niliona aibu. Nikamwomba mwenzangu ofisini siku ya mazishi tu aweke kubwa, kaka aje kutoka Mombasa kupitia Nairobi, akakubali, nikamwambia mama kila kitu kiko sawa. Asubuhi ya mazishi kubwa ikahitajika kwingine. Na kanuni ilisema ndege zikipungua, Kisumu ndiyo inanyang'anywa kwanza. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, jamani.

Nilikuwa na mama pale uwanjani, na wamama wa kanisa wakiimba, na pickup imefungwa maua. Ikatua ile ndogo. Mama akatazama watu wakishuka mpaka wa mwisho, akatazama mabegi, kisha akamuuliza kijana wa mizigo, "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Pole mama, hakuingia. Amebaki Nairobi, atakuja na gari."

"Hakuingia? Kwani yeye ni gunia?"

Yule kijana akajaribu kumweleza habari ya mlango, kwamba zamani kulikuwa na kubwa na ikaondolewa. Mama alikuwa amesimama chini ya lile bango letu la ndege mpya. Halafu akasema kwa Kipsigis, polepole, kila mtu akasikia: "Aliyeondoa ile kubwa, naye angoje mtoto wake na asimwone." Wamama wakaacha kuimba. Kwetu laana ya mzazi si mchezo, tunaiita chubisiet, na hata sisi tuliosoma tunaiogopa. Mimi nilikuwa nimemshika mkono wakati akisema.

Kaburi lililala wazi usiku mzima. Kaka alizikwa kesho yake na nusu ya watu walikuwa wamesharudi kwao. Miezi miwili baadaye nikagundua nina mimba.

Daktari anasema mtoto yuko sawa kabisa. Lakini asipocheza kwa saa moja tu, mimi nasikia ile sauti ya mama. Nimemwambia mume wangu, akasema, "Nyamaza, mama yako ana presha, unataka kumuua?" Na mama mwenyewe anafuma sweta za mtoto, kila siku ananipigia simu kuuliza kama nimekula.

Sasa Jumapili iliyopita pasta alihubiri msamaha. Mama akanipigia akitoka kanisani. Akaniambia, "Mwanangu, ile kitu nilisema Kisumu inanisumbua. Sitaki kumpokea mjukuu nikiwa na laana mdomoni. Nataka kuiondoa, lakini siwezi kusamehe mtu sijui ni nani. Wewe uko huko ofisini. Ulizauliza, niletee jina lake."

Nikamwambia nitatafuta. Aki nilisema hivyo, nitatafuta.

Jumamosi hii naenda nyumbani na ameshaniambia tukimaliza kula ataliuliza. Nikinyamaza, laana inabaki pale pale ilipo. Nikisema, amepoteza mtoto wa kwanza, na sijui kama atataka kuniona mimi wa pili. Nitusini kama mnataka, nimestahili, lakini mkimaliza mnisaidie mawazo. Namwangaliaje mama usoni nimwambie kwamba jina analolitafuta ni lile alinipa yeye mwenyewe?